Kimo cha Mdogo Wangu

Kifungu kilichoninyima raha kilikuwa kifupi. Kilisema kwamba dunia inayompokea mgeni itampima kimo upya anapoingia. Basi, hakuna zaidi. Wenzangu mkutanoni walikipita kama mtu anavyopita tangazo la maji kukatika mtaa wa wenzake, na mwenyekiti, mama mmoja mpole asiyewahi kumkatiza mtu, alikuwa ameshahamia kifungu kinachofuata. Mimi nilikuwa nyumbani Sumbawanga, nimevaa sweta mbili, upepo wa Julai unagonga bati juu yangu. Nikafungua kipaza sauti nikasema hicho sikikubali.

Nieleze kwanza kazi yenyewe, maana hata majirani zangu wanaamini nauza bando. Siku hizi kuna dunia nyingi za mtandaoni. Unavaa miwani mikubwa inayofunika macho, unajikuta uko sokoni au darasani au uwanjani, una mwili wa kuchorwa unaonyoosha mkono ukinyoosha wako. Shida ni kwamba kila kampuni imejenga dunia yake na kuizungushia ukuta. Ukitaka kutoka ya huyu kwenda ya yule, mwili wako unauacha mlangoni, unaanza upya kama mtoto. Ni kama vile mwenye laini ya mtandao mmoja wa simu asingeweza kumpigia mwenye laini ya mwingine. Kundi letu, watu wa nchi mbalimbali tunaokutana kwa video kila wiki, lilikuwa linaandika makubaliano ya wazi, ambayo yeyote anaweza kuyasoma na kuyatumia bila kuomba ruhusa, ili mtu avuke kutoka dunia hii kwenda ile akiwa yeye yule yule. Tunayaita viwango huria. Sehemu yangu mimi ilikuwa mwili: viungo gani vinavuka na vipi vinabaki.

Sasa, miwani hiyo haioni miguu yako. Inajua kichwa kiko wapi na mikono iko wapi, mengine inakisia. Ikishajua wewe ni mrefu kiasi gani, kichwa kikishuka sana itakisia kwamba umekunja magoti, nayo itakunja magoti ya mwili wako wa kuchorwa. Isipojua kimo chako, haiwezi kujua kama umesimama au umepiga magoti. Kwangu mimi hilo ndilo lilikuwa jambo lote.

Kwetu Ufipani salamu ya mtu mzima haianzii mdomoni. Unashuka kwanza. Unapiga makofi taratibu, viganja vimebonyea kidogo ili sauti isiwe kali, na unabaki huko huko chini mpaka mkubwa akujibu kwa makofi yake. Hapo ndipo unanyanyuka. Vijana wa mjini siku hizi wanainama kidogo tu, wanasema shikamoo huku wanatazama simu, na wazazi wamechoka kugomba. Baba yangu hakuchoka. Kwa baba yangu, kupiga makofi mbele ya mkubwa ukiwa umesimama ni matusi, tena afadhali ungenyamaza ukapita.

Na baba alikuwa na mtoto mmoja ambaye salamu yake hakuwa ameipokea kwa miaka mingi.

Mama alipofariki, mdogo wangu alikuwa nje, katika nchi ya baridi kuliko hata hii yetu. Alikwenda kusoma, akabaki akifanya kazi kwenye ghala la mizigo. Tulipompigia alilia, akasema, "Msizike. Nakuja." Baba akasimama mbele ya waombolezaji akasema kijana yuko njiani. Tukasubiri. Padri akasubiri. Watu waliotoka Chala na Matai wakajibanza chini ya turubai na mablanketi yao, na kila gari likisikika barabarani baba ananyanyuka kitini. Mwisho wake ndipo ikajulikana kwamba mdogo wangu hakuwa na vibali. Angetoka asingerudi, na hilo alilijua tangu simu ile ya kwanza. Aliona aibu kulisema. Baba akamzika mke wake akiwa mtu aliyewaongopea wageni wake, na hiyo aibu hakuwa na mahali pa kuiweka.

Baadaye mdogo wangu alipiga simu mara nyingi kuomba radhi. Baba anasikiliza mpaka mwisho, kisha ananirudishia simu. "Nitajuaje amekaa kwenye kochi au amepiga magoti?" ananiuliza. "Mwambie aje nimwone."

Vibali vikawa vinafuatiliwa na haviishi kufuatiliwa. Halafu macho ya baba yakaanza kwenda. Daktari alisema ni presha ya macho, kwamba kilichokwisha kupotea hakirudi, na dawa ya matone ni ya kuchelewesha tu. Uoni ukawa unajifunga kutokea pembeni kuja katikati. Wakati ninaoueleza alikuwa anaona kama mtu anayechungulia kwenye bomba. Kilicho mbele ya pua yake kabisa anakiona vizuri, hata sindano. Kilicho chini au kando hakipo. Ukimpa kikombe cha uji wa ulezi inabidi ukipandishe mpaka kwenye njia ya macho yake, la sivyo atapapasa hewa. Na bomba lenyewe lilikuwa linazidi kuwa jembamba.

Kwa hiyo niliposema kifungu kile sikikubali, sikuwa natetea teknolojia. Nilitaka baba amwone mwanawe akipiga magoti kabla hajawa kipofu. Miwani ndiyo njia pekee niliyokuwa nayo, na kifungu kile kilikuwa kimekaa katikati ya njia.

"Kimo ni cha mtu," niliwaambia. "Kisafiri naye. Mlango una haki gani ya kumwambia mgeni yeye ni mrefu kiasi gani?"

Aliyenijibu ni bwana mmoja wa kampuni kubwa, ile iliyotengeneza miwani anayoitumia mdogo wangu na dunia iliyofungwa ndani yake. Alikuwa na sauti ya mtu anayelipwa kwa kutokukasirika. Alisema mlango ukipima upya kila mtu anaingia salama, hakuna wa kuelea hewani, hakuna wa kuzama sakafuni.

"Kwetu mtu akishuka chini ana maana yake," nikasema. "Nyinyi mtamkuta mtu kapiga magoti, mtamnyoosha kwa nguvu kama shati kwenye pasi."

Kisha akashika kamera yake akaielekeza chini, na sote tukaona magurudumu ya kiti chake.

"Mimi sisimami," alisema. "Tangu ajali. Dunia inayopima upya inakuta kichwa changu kiko hapa, inasema basi hiki ndicho kimo chake, inanisimamisha na wenzangu. Kimo kikisafiri na mimi unavyotaka wewe, kila nitakakoingia nitakuwa mtu aliyekaa, na kila mtu ataanza kuniinamia. Nimeinamiwa vya kutosha."

Nilikasirika, na kilichonikasirisha zaidi ni kwamba alikuwa na haki. Ningemchukia kwa raha zangu kama angekuwa mjinga.

Mwenyekiti aliokoa jahazi kwa upole wake. Alisema hakuna kura itakayopigwa kabla ya majaribio. Kwa wiki moja kampuni kadhaa zingefungua milango yao, watu wavuke kwa kufuata rasimu ilivyo, na kila mwanakundi alete watu wa kweli wenye haja ya kweli. Wengine waliandikisha wanafunzi, wengine wanamuziki. Mimi niliandikisha baba na mdogo wangu.

Kumshawishi baba hakukuwa kugumu kama nilivyodhani, ila aliweka sharti. "Mimi siendi kwake," alisema. "Mwenye kosa ndiye anayekuja." Kwa hiyo nilimjengea uwanja wake mwenyewe, ule wa kijijini tulikokulia, kabla sijamhamishia mjini niwe karibu na hospitali. Nilichora nyumba ya tofali za kuchoma, kihenge cha mahindi, kichanja cha vyombo, na nyuma yake vilima vyenye nyasi vinavyokwenda mpaka macho yachoke. Siku ya kwanza nilipomvika miwani alikaa kimya muda mrefu, nikadhani anasikia uchungu. Kumbe alikuwa anakagua.

"Kihenge umekigeuza," alisema. "Mlango wake ulitazama jikoni. Hivi umeweka utazame barabarani, ili wezi wasipate shida?"

Nikageuza kihenge. Akasema mbuzi wamekonda mno. Nikawanenepesha.

Kwa mdogo wangu maelekezo yalikuwa machache. "Vaa miwani, ingia kwenye dunia yako kama kawaida, subiri mlango wa majaribio ufunguke, pita. Utatokea mbele ya baba. Mwamkie." Niliamini kifungu hakitatudhuru. Angeingia, mlango ungempima, kisha angepiga magoti na mwili wake wa kuchorwa ungepiga naye. Nilikuwa nimelijaribu hilo na wahandisi wenzangu mara nyingi tu na halikushindwa hata siku moja.

"Dada," aliniuliza, "baba atauona uso wangu?"

"Ataona ule uliopigwa picha na miwani yako. Ni wewe, usijali."

"Poa," akasema, lakini sauti haikuwa ya poa hata kidogo.

Siku yenyewe mlango ulipangwa kufunguliwa saa kumi alasiri. Asubuhi umeme ulikatika. Nilikwenda duka la jirani, la mzee wa Kiislamu ambaye malori yake hushuka Mtowisa kuchukua mpunga, kwa sababu ana betri kubwa za sola. Sikuwa nimemaliza shikamoo.

"Ni lile jambo la baba yako na kijana?" akauliza. Mtaa mzima ulikuwa unajua. Akamwambia fundi wake avute waya mpaka dirishani kwangu, na kabla sijashukuru akasema, "Nenda, binti, nenda usichelewe."

Baba alikuwa amevaa koti lake la kanisani. Alikuwa amejinyoa bila kioo, kwa kupapasa, akajikata kidevuni. Alikaa kwenye kigoda kama mtu anayesubiri wakwe. Nilimwekea kiti chake na kimo chake mwenyewe ndani ya dunia ile kwa mkono, maana yeye ni mwenyeji na hapimwi mlangoni. Nikamvika miwani, nikakaza mkanda. Kwenye kompyuta yangu nilikuwa naona anachokiona. Kwenye kona ya skrini nilikuwa na sanduku la ujumbe wa maandishi kati yangu na bwana wa kampuni kubwa, aliyekuwa anausimamia mlango upande wake. Aliahidi hatatazama wala kusikiliza, angeona namba tu.

"Amefika?" baba akauliza.

"Bado, baba."

"Uwanja uko kimya mno. Hata jogoo hakuna."

Mlango ukafunguka. Kwanza kivuli, halafu mtu. Mdogo wangu alitokea hatua chache mbele ya baba, katikati kabisa ya njia ya macho yake, na moyo wangu ukaruka kwa furaha. Furaha hiyo haikudumu. Alikuwa amesimama wima kama nguzo. Akainua mikono na kuanza kupiga makofi taratibu, viganja vimebonyea kidogo, kama tulivyofundishwa utotoni. Alipiga amesimama.

"Shikamoo, baba," sauti yake ikasema. "Nimekuja."

Baba hakujibu. Niliona mikono yake inashika magoti yake mwenyewe.

"Shuka," nikanong'ona kwenye kipaza sauti. "Shuka chini, unafanya nini wewe?" Lakini sauti yangu nilikuwa nimeizima ili nisiwaingilie, na mpaka nikapata kitufe baba alikuwa ameshavua miwani. Hakuitupa. Aliiweka kitandani taratibu, na utaratibu wenyewe ndio uliotisha.

"Amesimama mbele yangu ananipigia makofi," alisema, "kama watu kwenye mkutano wa siasa. Miaka yote hii, ndicho alichokuja nacho."

"Baba, ngoja, pengine ni mashine."

"Uliniambia mashine itamwonyesha alivyo. Nimemwona alivyo."

Akanyanyuka, akapapasa ukuta mpaka mlangoni, akatoka nje kwenye upepo. Sikumfuata. Hasira yangu yote niliimwaga kwa mdogo wangu.

"Kwa nini umesimama? Nilikuomba kitu kimoja tu. Kwa nini umesimama mbele ya baba?"

"Nani kasimama?" akasema.

"Nimekuona kwa macho yangu!"

"Dada, niko chini." Alikuwa analia. "Niko chini hata kabla sijavaa miwani. Ningeingiaje kwa baba nimesimama halafu ndiyo nishuke, kama mtu aliyekumbuka baadaye? Nilipiga magoti kwanza, nikavaa, nikasubiri mlango. Magoti yamekufa ganzi. Baba amesema nini? Mbona hanijibu?"

Nilikaa. Ujumbe ukaingia kwenye kona ya skrini, kutoka kwa bwana wa kampuni kubwa. *Mgeni wako ameingia na kimo cha mtoto,* aliandika. *Mfumo umekisia ni mtu mzima amekaa, ukamsimamisha. Samahani. Naona kichwa chake hakijasogea tangu alipofika. Ameumia?*

Nilisoma nikarudia. Wale wahandisi niliojaribu nao wote waliingia wamesimama, ndiyo maana hatukushindwa hata siku moja. Hakuna kati yao ambaye angefikiria kupiga magoti mbele ya mlango uliofungwa. Na mimi niliyezaliwa na kulelewa huku huku sikufikiria kwamba mdogo wangu, kwa hofu aliyokuwa nayo, asingethubutu kufika mbele ya mzee akiwa amesimama hata kwa nukta moja. Heshima yake ndiyo iliyopimwa ikaitwa kimo. Leo kifungu kile kinasomeka tofauti. Tulikiandika upya mimi na bwana yule, tukigombana kila neno, na sasa mwenye mwili ndiye anayesema kama amekaa na anataka kusimamishwa, au ameshuka kwa kusudi na aachwe alipo. Lakini saa ile hatukuwa na kifungu kipya. Tulikuwa na mtu kwenye sakafu.

"Sikiliza," nikamwambia. "Simama. Mashine ikupime upya umesimama, kisha ushuke. Nitamrudisha baba."

"Siwezi."

"Miguu?"

"Hajanijibu, dada. Nitanyanyukaje hajanijibu?"

"Hakuoni! Kwake yeye umesimama tayari!"

"Mimi ninajua niko wapi," akasema. Kama angenyanyuka bila makofi ya baba, angekuwa amefanya kweli lile alilosingiziwa na mashine. Na asiponyanyuka, mashine haitamwonyesha chini kamwe. Nilitaka kuipasua ile kompyuta.

Nikamwandikia bwana yule: *Hajaumia. Usifunge mlango.* Akajibu muda wa majaribio yetu umebaki kidogo, kuna kundi lingine linasubiri, lakini atalichelewesha.

Baba alikuwa amesimama kando ya ukuta wa ua, uso ameuelekeza kwenye vilima ambavyo sijui kama alikuwa anaviona. Koti linapepea. Nilimwendea, nikashuka chini kabla ya kusema neno.

"Baba, mwanao hakusimama."

"Nimemwona."

"Umeona alichokisia mlango. Alipiga magoti kwake, chumbani, kabla hajavaa miwani. Aliona haya kuja mbele yako amesimama. Mashine ikamkuta yuko chini, ikadhani ndio urefu wake, ikamvuta juu. Mimi ndiye niliyekwambia itamwonyesha alivyo, na haikumwonyesha."

Upepo ulikuwa mkali, machozi yakanitoka na sikujua ni ya upepo au ya nini.

"Nani amekwambia?"

"Amesema mwenyewe. Na mtu wa upande wa pili ameona namba, bila kujua habari zetu. Anauliza kama mgeni wetu ameumia, maana hajatikisika."

Taya za baba zilikuwa zinasaga kitu.

"Yupo chini mpaka sasa?"

"Yupo, baba. Nimemwambia asimame apimwe upya, amekataa. Anasema hujamjibu."

"Amekataa," baba akarudia. Akanyoosha mkono hewani, nikaupandishia wangu. "Nirudishe ndani, mama," akasema. Ananiita mama akiwa hana nguvu ya kukasirika.

Nilimvika miwani tena. Mkanda ukamvuta nywele, hakulalamika. Mdogo wangu alikuwa pale pale, mbele ya kihenge, amesimama wima, mikono imetulia kifuani.

"Mwanangu," baba akasema.

"Naam, baba."

"Uko chini?"

"Niko chini, baba."

"Mimi nakuona umesimama."

Tulisikia mdogo wangu anavyopumua.

"Dada yako anasema ukisimama huko kwako, mashine itakupima, halafu utashuka nami nitakuona. Unanisikia?"

"Nakusikia. Ila sijaruhusiwa kunyanyuka."

"Nakuruhusu. Simama."

Akasimama. Kwenye uwanja wetu akageuka jitu, kichwa kikapita kihenge, kwa sababu mashine iliongeza urefu juu ya ule iliokwisha kumpa. Baba alirudi nyuma kwenye kigoda nusura aanguke. "Bonyeza kitufe cha pembeni cha kupima upya, kishikilie!" nikapiga kelele, na safari hii kipaza sauti kilikuwa wazi. Mwili ule mkubwa ukayumba, ukasinyaa, ukatulia. Alikuwa na kimo chake. Uso wake ukaja sawasawa na njia ya macho ya baba.

Kwenye kona bwana yule aliandika kwamba sasa namba ni za mtu mzima, na kwamba ana dakika chache tu za kutupa.

"Haya nashuka, baba," mdogo wangu akasema. Niliona goti la kuchorwa linaanza kukunjika, sawasawa, kama tulivyoomba siku zote hizi. Nilikuwa nimeshikilia ukingo wa meza kwa mikono miwili. Hiki ndicho tulichokuwa tumekipigania.

"Usishuke," baba akasema.

Goti likakwama nusu.

"Baki hapo hapo. Ukishuka utanitoka machoni, na nikikutafuta huko chini nitachelewa. Rudi juu kidogo. Hapo. Usitikisike."

Akaanza kumtazama. Kwa kuwa anaona sehemu ndogo kwa wakati mmoja, alimtazama vipande vipande: paji la uso, jicho moja, jicho la pili, mdomo, kidevu. Kichwa chake kilisogea polepole kama mtu anayesoma maandishi madogo. Mdogo wangu alisimama mbele ya baba yake, kitu ambacho hajawahi kukifanya wakati wa salamu tangu azaliwe, na mabega yake yalikuwa yanatikisika kwa kulia.

"Mbona una mvi?" baba akauliza.

"Ni mwaka ule, baba. Mama alipofariki. Zilitoka zote kwa pamoja."

Baba akainua mikono yake, akapiga makofi. Aliyapiga taratibu, viganja vimebonyea, na mdogo wangu alipoanza kusema asante alimnyamazisha kwa kuendelea kupiga, mpaka mlango ulipofungwa.